Pikipiki inakula betri, fundi anasema ninunue rejuleta (kile kidude kinachorekebisha umeme wa kuchaji betri). Ninunue?

Tenga la Mikindani:
Wakuu habari za usiku, naombeni msaada kabla sijaiuza hii kitu kwa hasira. Nina mchina cc 125 napigia kazi ya samaki, alfajiri natoka Mikindani na tenga mpaka sokoni Mtwara mjini. Mwezi wa pili huu inakula betri tu. Ya kwanza nikasema imezeeka, nikanunua mpya, wiki mbili nayo ikaanza yale yale, nikibonyeza selfu inafanya tak tak halafu kimya, honi inalia kama mtu ana mafua, na usiku nikiwasha indiketa taa ya mbele nayo inapepesa kuifuata. Kwa kiki inawaka vizuri. Fundi wa kwanza kasema betri feki, wa pili kasema rejuleta imekufa, nilete hela. Mnasemaje?

Kijana wa Ligula:
Rejuleta hiyo mkuu, yangu ilikuwa hivyo hivyo. Funga mpya, na fyuzi ikianza kusumbua weka ya 30 usahau.

Fundi Masasi:
Kijana wa Ligula usimuunguzie mwenzio chombo bwana. Kama ilikuja na fyuzi ya 10 inarudi ya 10, ukiweka ya 30 siku ya shoti fyuzi inabaki nzima zinaungua nyaya.

Tenga, azima mita ya kupimia umeme weka kwenye DC volti 20. Pikipiki imezimwa pima betri, iliyojaa inasoma 12.6 hivi kwenda juu. Washa, vuta mafuta kiasi, pima tena palepale, inatakiwa ipande 13.5 mpaka 14.5. Isipopanda usikimbilie dukani. Acha inaunguruma, ncha nyekundu weka kwenye hasi ya betri na nyeusi kwenye chuma kitupu cha injini, kwangua rangi kwanza. Hapo isizidi 0.2. Indiketa kuvuta taa nyingine hivyo mimi nanusa waya wa hasi, ule tunaouita ethi. Na hilo tenga lako linavuja wapi?

Tenga la Mikindani:
Daah fundi, linavuja upande wa kushoto, barafu ikiyeyuka yote inashukia pale kwenye kava la betri 😅

Nimeazima mita. Imezimwa 12.2. Nikivuta mafuta 12.3, haipandi. Ule waya mwekundu wa rejuleta ukipimwa na chesisi unasoma 14.1. Na kile kipimo cha mwisho ulichosema kimeleta 1.8!

Fundi Masasi:
Basi rejuleta nzima hiyo. Inatoa 14.1, njiani kwenye ethi zinapotea 1.8, betri inabakiwa na 12.3, piga hesabu mwenyewe. Fuata waya wa hasi kuanzia kwenye betri mpaka boliti inapokamata chesisi. Kabla hujafungua, zima injini ila swichi ibaki on, chukua kipande cha waya mnene kama ule wa kuboostia, unga hasi ya betri na boliti ya injini, bonyeza honi.

Mama Korosho Newala:
Mimi sio fundi ila mume wangu ya kwake ilikuwa haichaji hivi hivi kumbe koili ya magneti, ile inayozalisha umeme, ndio imeungua, tukabadilisha betri mbili bure msimu mzima wa korosho.

Fundi Masasi:
Inatokea mama, lakini koili ikifa ile 14.1 ya kwenye rejuleta asingeiona.

Tenga la Mikindani:
Wakuu!! Nimeunga huo waya nikabonyeza honi, jirani katoka nje na khanga anauliza lori limeingia wapi. Nikafungua boliti yenyewe, iko chini ya betri hapo hapo panapodondokea maji ya samaki, kile kichwa cha waya kimekuwa kijani kibichi na unga unga mweupe, nimekivuta kidogo tu kikakatika mkononi. Nimefunga kichwa kipya, nimepiga msasa chesisi mpaka chuma kikang'aa, nikakaza, nikapaka grisi juu. Sasa hivi nikivuta mafuta betri inasoma 13.9. Selfu mara moja tu. Imebaki indiketa ya nyuma kushoto haiwaki.

Fundi Masasi:
Bulbu hiyo, au soketi yake nayo imekunywa chumvi, ichomoe uiangalie. Na tenga weka plastiki nene chini, bomba la kutolea maji lielekee nyuma ya tairi.

Kijana wa Ligula:
Kumbe na mimi nilinunua rejuleta bure 😭