Mpambaji katuharibia harusi Mbeya, na bado anadai salio!

Wakuu, nina hasira mpaka mikono inatetemeka.

Mdogo wangu kaolewa Jumamosi hapa Mbeya. Shemeji anampenda James Bond, yule jasusi wa kwenye filamu, tangu enzi za vibanda umiza vya Mwanjelwa, wakakubaliana harusi yao iwe ya sura hiyo. Mimi ndiye mweka hazina wa kamati. Mpambaji tulimpa milioni 2 kati ya 2.8, miezi miwili kabla. Nilikaa naye saa nzima nikamwonyesha kwenye simu picha ya Sean Connery wa Dr. No, ile ya 1962: suti nyeusi, tai ya kipepeo, yuko kwenye meza ya karata. Nikamwambia huyu ni jasusi wa kasino na Aston Martin, mtu wa kupendeza. Nyeusi, nyeupe na dhahabu, basi. Akajibu, "Dada, nimekuelewa, ondoa shaka."

Saa 10 jioni naingia ukumbini, nakuta mabaka ya jeshi! Meza kuu mabaka, viti vya maharusi mabaka, mpaka meza ya keki. Bunduki za plastiki za watoto zimefungwa kwa soloteipu katikati ya maua. Mlangoni kasimamisha vijana wanne wamevaa kombati, eti walinzi. Jamani, si juzi tu 2023 JWTZ walitoa siku 7 raia wasalimishe mavazi yanayofanana na sare zao? Na baba mkwe wa mdogo wangu ni mwanajeshi mstaafu. Mzee kafika, kawatazama wale vijana toka juu mpaka chini, kasema neno moja: "Vueni." Wageni wa Tunduma na Tukuyu wanashuka kwenye Coaster, vijana wanavua mashati mlangoni, na baridi ya Mbeya ya Julai mnaijua.

Namba 007, ile ya Bond, tulikubaliana iwe ya taa. Kaikata kwenye katoni, kaipaka rangi ya dhahabu, na rangi yenyewe mbichi. Bibi harusi kaigusa kwa bega, gauni la kukodi likaingia doa la ukubwa wa kiganja. Wakati wa kukata keki ile saba ikabanduka, kwenye video zimebaki sifuri mbili. Mdogo wangu alilia mbele ya wakwe.

Namuuliza mpambaji, ananijibu: "Dada, jasusi si ndiyo askari?"

Pesa ile ni michango ya watu. Kuna mama anauza viazi Uyole, alinikabidhi 30,000 kwa awamu tatu, noti za elfu mbili mbili bado zina udongo wa viazi. Mama yule nimwambie nini?

Leo asubuhi mpambaji kanipigia anadai 800,000 zake. Silipi! Nataka arudishe milioni 1 na alipie lile gauni. Mkataba ninao, una sahihi yake, na picha tulizokubaliana zimebandikwa nyuma. Kuna aliyewahi kumfikisha mpambaji mahakama ya mwanzo? Nielekezeni naanzia wapi, kesho asubuhi naamkia huko.