Nani aniandikie barua za mapendekezo ninapoomba chuo cha udaktari wa meno?

Swali

Ndugu zangu, salaam. Ninajiandaa kuomba nafasi katika vyuo vya udaktari wa meno nchini Marekani kupitia AADSAS, yaani mfumo wa pamoja wa maombi unaoendeshwa na ADEA, chama cha elimu ya udaktari wa meno cha Marekani, na nimekwama kwenye barua za mapendekezo. Mfumo unapokea barua zisizozidi 4, nami nina watu 5 ninaoweza kuwaomba. Wa kwanza ni profesa wa kemia ambaye pia ni mkuu wa idara na ana jina kubwa. Nilipata A katika somo lake, lakini tulijaa ukumbi mzima na sidhani kama anaikumbuka sura yangu. Wa pili ni profesa wa fiziolojia, ambaye alinipa B+, ila nilikuwa nikimwendea ofisini mara kwa mara. Wa tatu ni mwanafunzi wa uzamivu aliyesimamia kikundi chetu katika maabara ya mikrobiolojia, na pengine ndiye anayeijua kazi yangu kuliko wote. Wa nne ni daktari wa meno aliyeniruhusu kushinda kliniki kwake nikimtazama akihudumia wagonjwa. Wa tano naye ni daktari wa meno mwenye uzoefu mkubwa, lakini ni mjomba wangu. Nilikuwa nimeelekea kumtanguliza mkuu wa idara kwa sababu ya cheo chake. Je, niko sahihi?

Jibu la 1, kutoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa 3 wa udaktari wa meno

Ndugu mwombaji, kabla hujapima ni nani anayekufahamu zaidi, pitia masharti ya kila chuo unachokusudia kuomba, maana hapo ndipo wengi hupoteza nafasi bila kujua. Vyuo vingi hutaka barua 2 za maprofesa waliokufundisha masomo ya sayansi, na vingi hutaka au hupendelea kuona pia barua ya daktari wa meno. Vingine hukubali barua ya kamati ya ushauri ya chuo unakosoma sasa badala ya barua za mtu mmoja mmoja, kwa hiyo muulize mshauri wa wanafunzi wa masomo ya afya kama kamati hiyo ipo kwenu. Kumbuka pia kwamba barua zinazopitia AADSAS huenda kwa vyuo vyote ulivyochagua. Huwezi kupeleka hii huku na ile kule. Kwa hiyo barua zako 4 kwa pamoja ni lazima zitosheleze chuo chenye masharti magumu kuliko vyote.

Mjomba mwondoe kabisa. Hata akiandika kweli tupu, msomaji hana njia ya kutenganisha kweli hiyo na mapenzi ya mtu kwa mpwa wake.

Jibu la 2, kutoka kwa mhadhiri wa biolojia

Nimekuwa nikiandika barua hizi kwa miaka mingi, na naomba niseme kwa uzito unaostahili: cheo cha mwandishi hakimbebi mwombaji. Ninapoombwa barua na mwanafunzi ambaye ninachokijua kwake ni alama tu, barua huishia kwenye aya ya pili. Naandika kwamba alihudhuria, alifaulu, alikuwa miongoni mwa waliofanya vizuri, na hapo sina la kuongeza. Msomaji wa kamati ya udahili ameshaiona alama hiyo kwenye hati ya matokeo, kwa hiyo barua yangu haikumpa chochote kipya, na mara nyingi ukimya huo unamdhuru mwombaji, kwa sababu unaonyesha kwamba hakuwa na mtu wa karibu wa kumwomba.

Mfikirie sasa profesa wako wa fiziolojia. Yeye anaweza kueleza jinsi ulivyofika na karatasi ya mtihani uliyoharibu, ukachora upya mbele yake jinsi figo inavyochuja damu, ukakwama mahali fulani, ukaenda kusoma, kisha ukarudi ukiwa umeelewa. Barua kama hiyo ina tukio ndani yake, na B+ iliyopiganiwa namna hiyo humwambia msomaji jambo ambalo A ya ukumbini haiwezi kumwambia. Mimi ningemweka wa kwanza bila kusita.

Kuhusu msimamizi wa maabara, usimwache, lakini usimpeleke peke yake, kwani vyuo vingi havitamhesabu kama profesa wa sayansi. Mwombe profesa anayehusika na somo hilo aandike barua akitumia maelezo ya msimamizi wako, au waiandike pamoja na kutia sahihi wote wawili. Maprofesa wengi hukubali utaratibu huu, mradi uwaombe mapema na kwa heshima.

Nyongeza kutoka kwa muulizaji

Ahsanteni sana, nimeelewa na nimebadili mawazo. Nina maswali mawili yaliyobaki. Daktari niliyekuwa kliniki kwake, mimi nilikuwa mtazamaji tu, ataandika nini? Na je, nikubali kuachia haki ya kuisoma barua?

Jibu la 3, kutoka kwa daktari wa meno

Usidhani kwamba mtazamaji haonekani. Kijana anaposimama kliniki kwangu naona anasimama wapi mgonjwa anapofungua kinywa, kama anamziba msaidizi wangu anayeshika mpira wa kufyonza mate, na kama anatambua kwamba mgonjwa amekaza vidole kwenye mkono wa kiti wakati sindano ya ganzi inapokaribia. Nasikiliza maswali yake mgonjwa akishaondoka: kwa nini nimeziba jino hili ilhali lile nimeling'oa, kwa nini nimemwahirisha yule mwenye shinikizo la damu. Hayo ndiyo ninayoyaandika. Mkumbushe daktari wako kwa maandishi mafupi siku ulizofika na mambo yaliyokugusa, bila kutaja jina la mgonjwa yeyote.

Jambo moja tu sitaweza kulishuhudia, nalo ni ustadi wa mikono yako, kwani sikukuruhusu kugusa kitu. Kama kuna mwalimu wa uchongaji au ufinyanzi aliyekuona ukifanya kazi ndogo ya uangalifu kwa subira, barua ya 4 inaweza kuwa yake.

Jibu la 4, kutoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa 3

Kuhusu haki ya kuisoma, sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 iitwayo FERPA, inayohusu kumbukumbu za elimu za wanafunzi, inakupa haki hiyo, lakini mfumo utakuuliza kama unaiachia. Nakushauri uiachie, kwa sababu kamati huiamini zaidi barua ambayo mwandishi alijua kwamba mwombaji hataiona. Ndiyo maana swali la kumuuliza kila mmoja wao ni hili: "Je, unaona unanifahamu kiasi cha kuniandikia barua yenye nguvu?" Akisitasita, mshukuru na umwombe mwingine, kwani barua ikishaingia kwenye mfumo huwezi kuiondoa wala kuibadilisha.

Maombi hufunguliwa mwezi Mei na huanza kupokelewa Juni, na vyuo vingi huyapitia kadiri yanavyofika. Unaweza kuwasilisha maombi kabla ya barua kufika, lakini vyuo vingi havitakusoma mpaka ziwepo. Waombe sasa, kabla maprofesa hawajatawanyika likizo. Wape hati ya matokeo, wasifu wako, rasimu ya insha yako na tarehe ya mwisho. Waeleze pia kwamba barua iwe na nembo ya taasisi, tarehe na sahihi, na kwamba mwaliko utawafikia kwa baruapepe kutoka kwenye mfumo wenyewe. Mara nyingi mwaliko huo hutumbukia kwenye kasha la barua taka, kwa hiyo siku utakapoutuma, wajulishe mwenyewe.