Karani anamkataa transjenda kwenye kaunta: sheria ya Kenya inasemaje?

Mdau_Katiba
Wanajamvi, naomba mwongozo, Kenya. Transjenda (anayeishi kwa jinsia tofauti na aliyoandikiwa alipozaliwa) amebadili jina kihalali, tangazo limeshatoka kwenye Gazeti Rasmi, ila kitambulisho bado kina jinsia ya kuzaliwa. Karani wa ofisi ya umma anamwambia "huyu si wewe" na kumnyima huduma. Ana pa kushika?

Wakili Kando
Anapo. Kifungu cha 27(4) cha Katiba hakitaji transjenda, lakini misingi ya ubaguzi inatajwa baada ya neno "ikiwemo", na kifungu cha 259 kinasema neno hilo halifungi orodha. Ongeza cha 28 (utu) na cha 47 (uamuzi wa haki wa ofisi za umma).

Kazi inaanzia pale kaunta. Asigombane. Aandike barua, nakala mbili: tarehe, saa, dirisha namba ngapi, huduma aliyotaka, maneno aliyojibiwa. Moja wabaki nayo, ya pili wamgongee muhuri wa kupokelewa. Humo aombe sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 ya maamuzi ya kiutawala inawapa miezi 3 kujibu. Wakinyamaza, inachukuliwa hawakuwa na sababu ya maana. Bila muhuri watakana hata kwamba alifika, na hapo ndipo wengi hukwama.

Jirani wa Masjala
Ila asilale hiyo miezi 3. Amri ya kufuta uamuzi huombwa mahakamani ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe, na mahakama itauliza kwanza kama alimaliza rufaa za ndani ya ofisi. Ombudsman (tume ya malalamiko dhidi ya ofisi za umma) hupokea malalamiko bure.

Mdau_Katiba
Kesi ya KNEC, baraza la mitihani la Kenya, si ilishamaliza haya?

Wakili Kando
Wapi! Tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliamuru Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, apewe cheti kipya cha KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari), chenye jina jipya na kisicho na alama ya jinsia. Hoja ilikuwa finyu: kanuni za mitihani hazikudai alama hiyo. Hakuamuru "M" igeuzwe "F". Kwa hiyo omba alama ya jinsia iondolewe pale isipodaiwa na sheria. Kitambulisho ni ngoma nyingine, maana Sheria ya Usajili wa Watu yenyewe inataka jinsia iandikwe.

Jirani wa Masjala
Na msimchanganye transjenda na huntha (aliyezaliwa na maumbile ya jinsia yasiyo wazi kuwa ya kike au ya kiume), ambaye Sheria ya Watoto ya 2022 inamtaja. Asiyeweza kumlipa wakili, Kanuni za Mutunga za 2013 zinairuhusu mahakama kupokea ombi la kikatiba hata kwa barua ya kawaida.