Mke wangu kapasuliwa bila mimi kusaini, nianzie wapi?

Ngosha wa Kome: Wakuu, naombeni ushauri. Alhamisi usiku mke wangu alizidiwa na tumbo akiwa Mwanza kwa dada yake, mimi niko kambini Kome. Nimesubiri kivuko hadi kumekucha. Nafika, kashapasuliwa na mrija mmoja wa uzazi umetolewa. Mimi mume sijasaini popote! Nianze na mwanasheria au mganga mfawidhi?

Babu Igoma: Pole mwanangu. Mwaka 1994 nilikesha kwenye benchi, kalamu mkononi, nikisubiri kuitwa nimsainie mama watoto. Hakuniita mtu mpaka nikasikia kitoto kinalia.

Nesi Mstaafu: Mimba ilitunga nje? Na mama alikuwa na fahamu?

Ngosha wa Kome: Ilitunga nje, mrija ukapasuka. Ila mimi nauliza habari ya saini.

Nesi Mstaafu: Hujajibu, baba. Alikuwa na fahamu?

Ngosha wa Kome: Alikuwa nazo. Aliweka dole gumba. Walinipigia saa nane usiku nikawaambia wanisubiri. Si kwa ubaya, hatujapata mtoto, niliogopea kizazi. Barua ya malalamiko nimeshaandika, mwanasheria nimemtangulizia laki moja.

Nesi Mstaafu: Basi mwenye mwili karidhia. Mtu mzima mwenye akili timamu hasainiwi na mumewe. Hata angekuwa amezimia na ndugu hawapo, daktari anaokoa uhai kwanza. Mrija ukipasuka damu inamwagikia tumboni, nje unaweza usione kitu. Nimewahi kumpokea mama anaongea vizuri kabisa, kidogo tu mapigo ya mkononi siyapati. Kama mrija wa pili ni mzima, anaweza kushika mimba tena. Ikishika, awahi kipimo cha picha mapema.

Mama Kirumba: Laki nzima! Si ungemnunulia sato mgonjwa anywe supu?

Mpendwa: Mshukuru Mungu, kaka. Wengine tumezika.

Mtata: Wakuu, hii chai. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kivuko gani tena?

Babu Igoma: Na mimi nilijiuliza.

Ngosha wa Kome: Kome ni kisiwa, mkuu. Unavuka kwanza hadi Nyakaliro, daraja liko mbele huko. Anayesema chai aje wodini amwone mke wangu, wino wa bluu bado uko pembeni mwa ukucha.

Nesi Mstaafu: Yeye mwenyewe anataka hiyo barua ipelekwe?

Ngosha wa Kome: Sijamuuliza.