Mrejesho: hereni za bronzi zimekubali!

Wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza kwa nini hereni zangu za udongo wa bronzi (unga wa bronzi uliochanganywa na gundi, unafinyangwa kama udongo kisha unachomwa) zinatoka tanurini zinamegeka kama biskuti. Mliosema gundi ya ndani haijaungua yote mlipatia kabisa. Safari hii nimechoma mara mbili, kwanza nyuzi 340 hivi bila kuzifunika mpaka zikawa nyeusi tii, zikapoa, ndo nikazifukia kwenye mkaa wa vifuu ndani ya boksi la chuma cha pua nikapandisha hadi 830 nikaziacha masaa matatu. Jamani! Nimegonga moja mezani ikalia ting, nikaisugua na brashi ya waya ikang'aa kama dhahabu. Pete tu ndo imesinyaa hainiingii, nyingine nitaanza na saizi kubwa. Asanteni sana aisee