Mnanikera na Caesar wenu. Ventidius kawakosea nini?

Wakuu, leo nimekuja kulalamika na sitapunguza maneno.

Kila ikiguswa mada ya vita vya Roma, majina ni yale yale. Caesar. Scipio. Caesar tena. Juzi jamaa kaweka orodha ya "majemedari bora wa Roma", nikaisoma hadi mwisho nikitafuta jina moja tu. Pompeius yumo. Marcus Antonius yumo (Antonius! nitamrudia huyu). Hata Crassus kapewa nafasi, mtu aliyelipeleka jeshi Carrhae mwaka 53 KK likateketezwa na wapiga mishale wa Waparthi (dola kubwa ya Uajemi ya enzi hizo), yeye mwenyewe akafia huko huko. Publius Ventidius hayumo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Sasa kaeni niwaambie. Mwaka 89 KK Ventidius alipitishwa katika mitaa ya Roma akiwa mtoto mateka, pamoja na mama yake, kwenye gwaride la ushindi la Pompeius Strabo baada ya kuangushwa kwa Asculum, mji wa Italia ulioiasi Roma. Akakua kwa tabu, akajipatia riziki kwa kuwatafutia nyumbu na magari ya mizigo maofisa waliokuwa wakienda kutawala majimbo. Caesar ndiye aliyemwona na kumpandisha, hapo nampa haki yake. Mwaka 43 KK Ventidius akawa konsuli (mmoja wa viongozi wawili wakuu wa Roma), na watu wa mjini wakaandika kwenye kuta kumkejeli: aliyekuwa akisugua nyumbu leo ni konsuli! Wenye majina makubwa hawakumpenda, na naona ninyi mmeurithi ugonjwa wao.

Mwaka 40 KK Waparthi wakavuka mto Frati. Pacorus, mwana wa mfalme wao, akaichukua Syria, na huko Yerusalemu wakamsimika mfalme wanayemtaka. Mroma msaliti, Quintus Labienus, akaingia nao Asia Ndogo. Mashariki yote ilikuwa inaondoka. Antonius akamtuma nani? Mtu wa nyumbu. Yeye akabaki zake Athens na mke mpya.

Ventidius alielewa kitu ambacho Crassus hakukielewa: mpanda farasi wa Kiparthi ukimkuta tambarare amekumaliza. Kwa hiyo akapiga kambi mlimani, akatulia ndani kama mwoga. Waparthi, wakiwa bado na kiburi cha Carrhae, wakapandisha mlima na farasi wao bila hata kumsubiri Labienus. Waroma wakawashukia. Labienus akatoroka, akakamatwa Kilikia na kuuawa. Mwaka huo huo, 39 KK, jemedari mwingine wa Parthia akafia kwenye njia ya mlima Amanus.

Mwaka uliofuata Pacorus akarudi, na majeshi ya Ventidius yalikuwa yametawanyika. Akafanya nini? Akamnong'oneza mtu ambaye yeye Ventidius alimjua fika kuwa ni jasusi wa Waparthi. Akajifanya anaogopa wasije wakavukia mto upande wa tambarare. Pacorus akaingia mtegoni, akazunguka njia ndefu, na Ventidius akapata zaidi ya siku 40 za kukusanya watu wake. Pale Gindarus mchezo ukawa ule ule: kambi juu, adui akapandishwa mlima, wapiga kombeo wakawaponda kwa mbali, askari wa miguu wakamaliza. Pacorus akauawa, na kichwa chake kikazungushwa katika miji ya Syria.

Baada ya hapo Antonius ndiyo akaja! Ventidius alikuwa ameuzingira mji wa Samosata, na mfalme wa pale alikuwa tayari kutoa talanta 1,000 (talanta ni kipimo cha fedha cha zamani) yaishe. Antonius akakataa, akataka sifa ziwe zake, akasota pale mpaka akakubali 300. Mwaka 36 KK akaenda mwenyewe kuwapiga Waparthi, akarudi bila askari wa miguu 20,000 na wapanda farasi 4,000, zaidi ya nusu yao wakiwa wameuawa na maradhi. Na huyu ndiye yumo kwenye orodha!

Ventidius alifanya gwaride lake Roma mwezi Novemba 38 KK, kisha hakupewa vita nyingine. Plutarch, aliyeandika zaidi ya miaka 100 baadaye, anasema hadi wakati wake hakuna mwingine aliyepewa gwaride la kuwashinda Waparthi.

Na si yeye peke yake. Gaius Claudius Nero (si yule kaizari mwendawazimu, tafadhali) mwaka 207 KK alikuwa kusini mwa Italia akimkabili Hannibal wa Karthago. Akanasa barua za Hasdrubal, ndugu yake Hannibal aliyekuwa akija kumsaidia, akachukua watu 7,000, akamwacha Hannibal akiitazama kambi iliyopungua watu bila kujua, akaenda mbio kaskazini na kuingia usiku katika kambi ya konsuli mwenzake, Livius. Askari wakabanana kwenye mahema yaliyokuwepo ili kambi isionekane imekua. Hasdrubal akashindwa na kufia kwenye mto Metaurus. Roma walipofanya gwaride, Livius alipanda gari, Nero akafuata nyuma juu ya farasi, kwa sababu eti vita vilipiganwa kwenye eneo la mwenzake. Agrippa, jemedari wa Augustus, naye? Vita vya baharini vya Naulochus ni yeye, vya Actium ni yeye, mnamsifu Augustus.

Najua mtakuja na "nimekuja, nimeona, nimeshinda" ya Caesar. Kawashinda nani pale Zela mwaka 47 KK? Pharnaces, mfalme mmoja wa pwani ya Bahari Nyeusi! Caesar alikuwa na kalamu nzuri, vita vya Galia tunavisoma kwa mkono wake mwenyewe, akijisifu kwa kujiita "Caesar". Ventidius hakutuachia kitabu.

Mwenye orodha arudi hapa aniambie Antonius kaingia kwa vita gani. Philippi (vita dhidi ya waliomuua Caesar) nampa, alipigana. Nyingine ataje.