Nimealikwa Marekani wiki tatu, mkurugenzi anataka aende yeye. Nifanyeje?

Mama Pendo wa Mukuru

Hamjambo wadau. Naombeni ushauri, na mnivumilie maana maneno ni mengi na tangu Jumanne sijapata usingizi.

Nafanya kazi na shirika dogo la maji huku Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda Nairobi. Mimi ni wa vioski: nahakikisha maji yanatoka, bei ya mtungi haipandi ovyo, na bomba likipasuka fundi anafika kabla uchafu wa mtaro haujaingia. Mwaka jana walikuja wageni wawili kutoka ubalozi wa Marekani, nikawazungusha vichochoroni asubuhi nzima, wakauliza maswali mengi, wakaenda zao. Sikuwafikiria tena. Juzi Jumanne napigiwa simu kutoka Gigiri, kwenye ubalozi huo, halafu barua pepe: nimeteuliwa kwa programu ya serikali ya Marekani ya kualika wageni, inaitwa IVLP, wiki tatu, habari za maji mijini, gharama zote juu yao. Mimi sikuomba kitu.

Kwanza niliogopa kwamba ni matapeli. Binamu yangu aliwahi kumpa mtu mmoja mjini shilingi 40,000 za "mkutano wa Canada", na mpaka leo ile simu haishikwi.

Lakini linaloniuma zaidi ni la kazini. Nilimwonyesha mkurugenzi barua nikidhani tutafurahi pamoja. Akaisoma mara mbili, akasema nafasi hiyo ni ya shirika, niwaandikie kwamba nimempisha yeye. Huyu ndiye aliyeniajiri nikiwa nauza sukuma wiki kando ya barabara. Sitaki aone nimemgeuka.

Halafu kuna Pendo mwenyewe. Ana miezi kumi na mmoja, bado ananyonya. Wameniambia siwezi kwenda naye. Babake yuko Mombasa kikazi, huja mwisho wa mwezi. Mama mkwe amesema atamshika, lakini usiku mtoto hulala na titi mdomoni.

Je, nikirudi nitaikuta kazi? Mtoto atanikumbuka?

Msafiri wa Eastlands

Dada, hongera, na tulia. Programu hiyo ipo, mimi niliipitia 2016 na kikundi cha wanahabari. Haina fomu ya kuomba, ndiyo maana watu wengi hudhani ni uongo. Ubalozi wenyewe hutafuta watu wanaofanya kazi ya maana, hupendekeza majina, kisha Washington huamua. Wamefanya hivyo tangu 1940. Wale wageni uliowazungusha walikuwa wanakuangalia wewe kuliko walivyoangalia vioski.

Angalia anwani ya barua pepe: watumishi wao hutumia inayoishia na state.gov. Tena usijibu tu hiyo barua, tafuta namba ya ubalozi mwenyewe upige uulize. Hutalipa hata senti. Viza yake ni J-1, na kwa kuwa ni serikali yao inayokualika, hata ada ya viza huitoi. Watakupa karatasi inaitwa DS-2019, itunze kama kitambulisho. Mtu akikuomba hata mia mbili ya "kufungua faili", huyo ni mwizi.

Huko utaanzia Washington kwa siku kadhaa, kisha mtahamishwa mji hadi mji. Usitarajie darasa. Ni kukutana na watu: leo ofisi ya meya, kesho kituo cha kusafisha maji, jioni mnakula kwa familia iliyojitolea kuwapokea. Sisi tulipelekwa kwa mzee mmoja, fundi bomba aliyestaafu. Mimi na daftari langu nilikuwa nimejiandaa kumuuliza siasa, yeye akatushusha chini ya nyumba kutuonyesha bomba la risasi, yaani ile metali yenye sumu, alilokuwa hajamaliza kubadilisha. Ndipo nikaelewa kisa cha mji wa Flint, jimbo la Michigan, kuliko nilivyokisoma. Mwaka 2014 mji ule ulianza kunywa maji ya mto bila kutia dawa ya kuzuia kutu, risasi ikatoka kwenye mabomba ikaingia vikombeni, na kina mama wakabeba chupa za maji ya kahawia mikutanoni huku wakubwa wakisema maji ni salama. Wewe wa Mukuru utakuwa na mengi ya kuwaambia watu hao. Hiyo ndiyo sababu wamekuita wewe.

Karani Mstaafu

Binti yangu, nimekaa ofisi za waajiri miaka mingi, wacha nikueleze la mkurugenzi.

Mwaliko huo ni wa mtu kwa jina lake. Ukiuachia, haumwendei yeye. Nafasi itapotea, mkose nyote wawili. Mweleze hivyo kwa upole, na bora zaidi umwombe ofisa wa ubalozi akuandikie mistari miwili inayosema uteuzi hauhamishiki, umwonyeshe. Hapo atakayekuwa amekataa ni ubalozi, na wewe utabaki na heshima yako mbele yake.

La likizo: Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa angalau siku 21 za kazi zenye malipo kwa kila miezi kumi na miwili uliyofanya kazi. Wiki tatu ni siku 15 za kazi, au 18 kama mnafanya na Jumamosi. Kwa hiyo humwombi hisani, ingawa tarehe lazima mkubaliane. Andika barua, apige mhuri, ubaki na nakala. Neno la mdomo husahaulika ukiwa hewani.

Tena usijione mdogo kwa mwaliko huo. Margaret Thatcher alizungushwa Marekani kwa programu hiyo 1967, miaka 12 kabla hajawa waziri mkuu wa Uingereza.

Kijana wa Kayole

Swali la haraka: akifika si anaweza kutafuta kazi abaki huko?

Msafiri wa Eastlands

@Kijana wa Kayole hapana, na naomba mtu asimshauri hivyo. J-1 iliyolipiwa na serikali ina sharti la miaka miwili: lazima urudi ukae nchini kwako jumla ya miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu kule au viza ya kazi kama H-1B. Kurudi kutembea unaweza. Ukitaka kukaa muda mrefu na kusoma, kuna njia nyingine za kuomba mwenyewe. Humphrey, ufadhili wa Marekani, ni kama miezi kumi, na Chevening, ufadhili wa Uingereza, ni ya shahada ya uzamili, nayo pia inakutaka urudi nyumbani miaka miwili.

Mama Mapacha

Nitasema ukweli ambao hakuna aliyeniambia. Mimi nilikwenda mafunzo nje wiki nne, wangu wakiwa na mwaka na mwezi. Niliporudi mmoja alinirukia, wa pili akajificha nyuma ya dada wa kazi na hakutaka kunyonya tena. Nililia siku mbili. Leo wako darasa la tatu na hawakumbuki lolote, lakini mimi nakumbuka. Ukienda, nenda ukijua hilo linaweza kutokea. Na chukua pampu ya mkono ya kukamua, maana kifua kitajaa ukiwa kwenye ndege na hakuna atakayekuelewa.

Shosho wa Umoja

Mwanangu, miezi kumi na mmoja mtoto anakula. Anachotaka usiku ni joto, njaa hana. Usingoje wiki ya safari. Kuanzia Ijumaa hii, bibi yake alale naye usiku mmoja, wewe ukiwa chumba cha pili. Wiki ijayo usiku mbili. Uji wa wimbi jioni, maziwa kwa kikombe, achana na chupa. Leso yako uliyoilalia usiifue, muachie alale nayo. Atalia, ndiyo. Bibi naye alizaa, anajua kulia kwa mtoto.

Mama Pendo wa Mukuru

Nimesoma yote, asanteni sana. Nimepiga namba ya ubalozi niliyoitafuta mwenyewe, wakanipitishia yule aliyenipigia. Ni kweli. Nimemweleza habari ya mkurugenzi, hakushangaa, amesema ataniandikia.

Mkurugenzi bado sijamwona. Kesho nataka nimfuate kioskini asubuhi, si ofisini, kwa sababu kioskini ndiko tulikoanza pamoja. Nitamwambia nahitaji anipe maswali yake niende nayo, hasa ya mita za malipo ya kabla ambazo zimemsumbua mwaka mzima. Hilo silisemi kwa hila, kwa mambo ya mita ananizidi.

Shosho, umesema Ijumaa. Jirani wa ukuta huu analala mapema, na Pendo akianza kulia husikika hadi barabarani. Nimuonye kabla au ninyamaze?

Shosho wa Umoja

Muonye, umpelekee na chapati mbili.